Nyuzi za kuogelea za arkea: kati ya modeli tano za molekuli, uchukue ipi?

Kabla ya 2016, mwalimu wa biolojia aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi wake uzi ambao arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini wa ukoo tofauti, huogelea nao hakuwa na zaidi ya mstari uliopinda ubaoni na jina pembeni yake. Leo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupakua bure modeli za nyuzi hizo kutoka PDB, hazina ya kimataifa ya miundo ya protini, kila atomu ikiwa mahali pake, akazigeuza na kuzikata atakavyo kwa programu kama ChimeraX. Hapa nazipima tano, kila moja kutoka kwa arkea wake: Methanospirillum hungatei (2016), Pyrococcus furiosus (2017), Methanococcus maripaludis (2019), Methanocaldococcus villosus (2022) na Saccharolobus islandicus (2022).

Swali la mwanafunzi anayeanza mradi, la mchoraji wa kitabu, au la mtu anayetaka kuiga mwendo wa seli kwa kompyuta ni lilelile: nichukue ipi? Wengi hutazama namba ya ukali wa picha na kuchukua iliyo ndogo kuliko zote, kwa kuwa namba hiyo ya angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita) inapopungua picha huwa kali zaidi. Napinga kigezo hicho. Tofauti kubwa kati ya modeli hizi imo katika yale ambayo watafiti waliyachukulia kuwa kweli kabla ya kuanza kukokotoa. Nyingi zimetengenezwa kwa kudhani kwamba uzi umenyooka na kwamba vijenzi vyake vyote ni sawa. Uzi unaosukuma seli haujanyooka, na kwa arkea mmoja angalau tunajua kwamba vijenzi vyake haviko sawa. Anayechagua bila kulijua hilo anaweza kujenga mradi mzima juu ya wastani wa vitu viwili, au kumi, ambavyo kiuhalisia vinatofautiana.

Wanachoshirikiana wote

Arkea na bakteria huogelea kwa kuzungusha uzi mrefu, lakini nyuzi zao hazina ukoo mmoja. Flajela ya bakteria ina tundu katikati, lenye upana wa nanomita 2 hivi, na protini mpya za flajelini hupita humo mpaka nchani. Ndiyo maana hurefukia kwenye ncha, mbali na seli. Mota yake huendeshwa na ioni, kwa kawaida protoni, zinazopita kwenye utando.

Uzi wa arkea, yaani arkelamu, hauna tundu. Unene wake ni nanomita 10 hadi 14, kama nusu ya ule wa bakteria, na protini zake, arkelini, huongezwa shinani. Kila arkelini hutengenezwa ikiwa na kipande cha ziada mwanzoni, na kimeng'enya maalumu hukikata kabla protini haijaingia kwenye uzi. Mota hutumia moja kwa moja ATP, molekuli ya nishati ya seli. Kwa mambo yote hayo arkelamu ni jamaa wa vinyweleo aina ya IV, vile ambavyo bakteria wengi hushikia nyuso na kujikokota navyo, ila arkelamu yenyewe huzunguka.

Arkelini moja ina umbo la kiluwiluwi. Mkia ni heliksi alfa (mnyororo wa protini uliosokotwa kama springi) ndefu, iliyopinda kidogo, yenye asidi amino zinazokimbia maji. Kichwa ni laha za beta (mnyororo uliopangwa bapa) zilizojikunja. Mikia yote huelekea ndani ya uzi na kubanana kiasi kwamba hakuna nafasi inayobaki katikati, na vichwa hukaa nje vikigusa maji. Katika flajelini ya bakteria kiini hujengwa na ncha zote mbili za protini. Katika arkelini ni ncha ya mwanzo peke yake. Anayetaka kuthibitisha kwamba miundo hii miwili haikutokana na babu mmoja aanzie hapo.

Sasa tuangalie mpangilio, kwa sababu namba zake zitatusaidia mbele. Kwa M. hungatei, kutoka arkelini moja hadi inayofuata unazunguka karibu digrii 108 na kupanda karibu angstromu 5.3. Kwa nyuzi nyingine vipimo viko karibu na hapo. Digrii 108 mara kumi ni 1080, yaani mizunguko mitatu kamili. Kwa hiyo arkelini ya kumi na moja hukaa karibu sawasawa juu ya ile ya kwanza, ya kumi na mbili juu ya ile ya pili, na ukiutazama uzi kwa urefu wake unaona safu kumi zilizosimama bega kwa bega. Flajela ya bakteria ina safu kumi na moja.

Jambo moja la kuzingatia unapotafuta machapisho ni majina ya jeni za arkelini na mota: ya zamani huandika FlaB, FlaI, FlaJ, na mapya huandika ArlB, ArlI, ArlJ. Ni jeni zilezile.

M. hungatei na P. furiosus: ukali dhidi ya upana

Modeli ya M. hungatei, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndiyo iliyofungua njia. Huyu ni mtengenezaji wa methani aliyepatikana kwenye tope la majitaka. Seli zake huishi zikiwa zimeungana kwa mnyororo ndani ya ala ya protini, na nyuzi hutokeza kwenye ncha za mnyororo huo. Ukali wa picha ni angstromu 3.4, unaotosha kufuatilia mnyororo wa protini na matawi yake mengi ya pembeni bila kubahatisha. Uzi una arkelini ya aina moja, FlaB3, na juu yake zimeonekana sehemu sita ambapo sukari imeungwa kupitia oksijeni na sehemu moja, isiyo ya kawaida, ambapo imeungwa kupitia nitrojeni.

Kwa mwalimu hii ni modeli nzuri sana. Ukikata uzi kwa upande unaona mikia ikiwa imejaa katikati na vichwa vikiwa pembezoni. Ukiiweka sambamba na flajela ya Salmonella, ambayo modeli yake ya atomu ilitangazwa mwaka 2003, mwanafunzi anaona tundu upande mmoja na kiini kilichojaa upande wa pili, na swali la jinsi kila uzi unavyokua linajijibu.

P. furiosus anatoka kwenye mashapo ya bahari yenye joto katika kisiwa cha Vulcano, Italia. Alielezwa mwaka 1986, na hustawi zaidi kwenye joto la digrii 100 za Selsiasi. Modeli ya uzi wake ina ukali wa angstromu 4.2, na hiyo ndiyo sababu watu huiruka. Wanakosea. Kazi ileile iliyotoa modeli hiyo iligandisha seli nzima na kuzipiga picha kwa pembe nyingi, ikaonyesha mota ikiwa palepale inapofanyia kazi: shungi la nyuzi linalotoka ncha moja ya seli, mota zilizopangwa chini yake, na ndani ya seli bamba pana ambalo linaonekana kushikilia shungi zima. Katika hizi tano, hakuna nyingine inayokupa uzi na mota yake kutoka kwa kiumbe mmoja ndani ya utafiti mmoja.

Kuna jambo jingine kuhusu P. furiosus linalofaa kuzingatiwa na yeyote anayeiga mwendo kwa kompyuta. Nyuzi zake hazitumiki kwa kuogelea tu. Hushikamana na nyuso na huunganisha seli na seli. Kwa hiyo uimara wake huenda umechaguliwa na mahitaji mawili kwa pamoja, na si halali kueleza kila sifa ya uzi huu kana kwamba kazi yake ni kusukuma maji peke yake.

Ukilazimika kuchukua moja kati ya hizi mbili: kwa umbo la arkelini chukua M. hungatei, kwa jinsi uzi unavyoshikamana na seli chukua P. furiosus bila kuyumbishwa na ile tofauti ya angstromu 0.8.

M. maripaludis: modeli ya metali

Hapa kuna vitu viwili vilivyotolewa pamoja mwaka 2019, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni fuwele ya arkelini FlaB1 ya Methanocaldococcus jannaschii, iliyopimwa kwa eksirei kwa ukali wa angstromu 1.5. Ulipochapishwa, huo ulikuwa muundo pekee wa arkelini uliowahi kupatikana kwa njia ya fuwele. Cha pili ni uzi wa M. maripaludis, uliopigwa kwa hadubini ya elektroni kwa ukali wa angstromu 4. Fuwele inatoa kichwa cha protini kwa usahihi wa hali ya juu, na uzi unaonyesha vichwa hivyo vinavyokaa katika jumla. Ukipakua faili yenye ukali wa 1.5 ukidhani umepata uzi, umepata protini iliyojitenga.

Thamani ya kazi hii ni mahali pa kushikia ioni ya metali kwenye kichwa cha arkelini. Mahali hapo pamehifadhiwa kwa arkea wengi wa kundi la Yuriarkeota, na watafiti walipopaharibu kwa kubadilisha asidi amino, uthabiti wa uzi ulipotea. Anayefanya hesabu za mwendo wa molekuli kwa arkea wa kundi hili lazima aiweke ioni hiyo ndani ya modeli yake. Akiisahau, uzi wake utalegea kwenye kompyuta kwa sababu isiyokuwapo baharini.

Hata hivyo nina shaka moja na modeli ya uzi huo, nayo ni ile dhana ya arkelini ya aina moja. Kazi za kijenetiki zilizotangulia zilionyesha kwamba M. maripaludis asiye na jeni la FlaB1 hana nyuzi, na asiye na FlaB2 pia hana nyuzi. Asiye na FlaB3 bado anaogelea, ila kipande kilichopinda kilicho karibu na shina hakipo, na seli huzunguka kwa duara. Ikiwa FlaB1 na FlaB2 zote ni za lazima, ya pili iko wapi? Kwa ukali wa angstromu 4, protini mbili zinazofanana sana haziachani kwa urahisi, na hasa pale ambapo hesabu yenyewe imeagizwa kuzihesabu kuwa moja. Jambo hili linatupeleka kwa M. villosus.

M. villosus: vijenzi viwili kwa zamu

M. villosus alipatikana kwenye chemchemi za moto za chini ya bahari katika mgongo wa Kolbeinsey, kaskazini mwa Iceland. Yeye na binamu yake M. jannaschii ndio waogeleaji wenye kasi kubwa kuliko wote waliopimwa ukilinganisha na urefu wa mwili: jannaschii hukaribia urefu wa miili 400 kwa sekunde, villosus hukaribia 500. Escherichia coli hufikia kama 20.

Ili kuelewa kazi hii inafaa kujua picha hizi hupatikanaje. Uzi mmoja uliogandishwa hutoa picha hafifu mno. Watafiti hukata picha za nyuzi nyingi kuwa vipande vifupi, hukusanya maelfu kwa maelfu ya vipande hivyo, kisha huiambia programu: kila arkelini ni nakala ya iliyotangulia, iliyozungushwa digrii kadhaa na kupandishwa angstromu kadhaa. Programu hurundika nakala zote pamoja na kupata wastani mkali. Ni njia nzuri na imetoa karibu kila tunachokijua. Lakini programu ikishaambiwa kwamba kila nakala ni sawa, haiwezi tena kuonyesha kwamba moja ni tofauti. Tofauti zote hugeuka ukungu, na ukungu huo huwa rahisi kuudhania kuwa ni udhaifu wa picha.

Kwa M. villosus sharti hilo lililegezwa, na ramani yenye ukali wa angstromu 3.08 ikaonyesha arkelini mbili, ArlB1 na ArlB2, zikipokezana kwenye uzi. Utafiti huo pia ulitaja sehemu za protini ambazo huenda ndizo zinazoupa uzi unyumbufu wake.

Naona huu ndio ugunduzi uliobadilisha zaidi namna ya kuzisoma modeli zilizotangulia. Arkea wengi wana jeni mbili, tatu au zaidi za arkelini, na kwa miaka mingi swali la kazi ya jeni hizo za ziada lilibaki wazi, watu wakihesabu moja kuwa kijenzi kikuu na nyingine kuwa za pembeni. Sasa kuna mfano ulio wazi ambapo uzi umejengwa na mbili zilizopangwa kwa utaratibu. Jinsi seli inavyohakikisha kwamba baada ya ArlB1 inaingia ArlB2 ni swali zuri la mradi wa shahada ya uzamili, na modeli hii ndiyo ya kuanzia.

Kwa hiyo M. villosus ndiye mwenye namba bora ya ukali kati ya nne hizi nilizozitaja hadi hapa, lakini nampendekeza kwa sababu nyingine: sharti la kufanana kwa vijenzi lililegezwa, na ukweli ukajitokeza. Udhaifu wake ni kwamba uzi wake bado umenyooshwa.

S. islandicus: uzi uliopinda kama unavyopinda majini

Fimbo iliyonyooka ikizungushwa juu ya mhimili wake ndani ya maji haiendi popote. Kwa viumbe wadogo kiasi hiki, ambao maji kwao ni mazito mno, kinachosukuma ni umbo la parafujo. Uzi wenyewe, ambao tayari umesokotwa na arkelini zake, lazima ujikunje tena kuwa msokoto mpana zaidi. Msokoto huu mkuu ndio unaogeuza mzunguko wa mota kuwa safari. Modeli iliyonyooshwa imeondoa jambo hilohilo linalofanya uzi uitwe wa kuogelea.

Ukitafakari, ni fumbo la kweli. Ikiwa vijenzi vyote ni sawa na vinashikana kwa namna ileile, uzi unapaswa kunyooka. Ili upinde, safu za upande wa ndani wa kona lazima ziwe fupi kuliko za upande wa nje, na hali hiyo idumu kwa urefu wote ilhali mota inaukaza uzi kwa nguvu. Protini moja inawezaje kuwa na urefu tofauti kutegemea mahali ilipokaa?

Mwaka 2022 jibu lilionekana kwa macho. Watafiti waliuchukua uzi wa S. islandicus, arkea wa chemchemi za moto zenye tindikali huko Iceland, na wakakataa kuunyoosha katika hesabu. Walipata safu kumi, zile ambazo hesabu ya digrii 108 inatuambia tuzitarajie, na kila safu ikiwa na hali yake: arkelini ni ileile, lakini imejiweka kwa namna kumi tofauti. Kuna mahali pamoja ambapo mgusano kati ya safu na safu unakatika, na mahali hapo huunda mshono unaokaa upande wa ndani wa kona.

Katika kazi hiyohiyo waliupima kwa njia ileile uzi wa bakteria E. coli. Ulikuwa na safu kumi na moja katika hali kumi na moja, na migusano yake iliangukia katika makundi matatu mapana. Nyuzi mbili zisizo na babu mmoja, moja yenye tundu na nyingine iliyojaa, zimefikia suluhisho la aina moja: kijenzi kimoja kinachokubali kujiweka kwa namna nyingi, kila namna ikiwa na nafasi yake kuzunguka kona. Kwa mtu anayefundisha mageuzi ya viumbe sijui mfano wa molekuli ulio safi kuliko huu wa viumbe wawili kufika mahali pamoja kwa njia mbili.

Kwa mlinganisho wa arkea na bakteria, basi, chukua jozi hii, hata kama ungependa Salmonella ya 2003 kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka vitabuni. Nyuzi zote mbili zimepigwa na kukokotolewa kwa mkono mmoja, kwa hiyo tofauti unazoziona ni za nyuzi zenyewe. Modeli ya Salmonella ni ya uzi ulionyooka, kutoka aina ya bakteria yenye mabadiliko ya jeni yanayoufanya unyooke.

Tahadhari moja kwa waigaji wa mwendo. Kwa bakteria kama Salmonella, mota ikigeuza mwelekeo uzi hubadili hata upande wa msokoto wake, shungi husambaa na seli hubiringika. Usilihamishie jambo hilo kwa arkea. Kwa Halobacterium, arkea wa maji ya chumvi, ilionekana tangu 1984 kwamba msokoto ni wa mkono wa kulia na hubaki hivyo: mota ikizunguka kwa mwelekeo wa saa seli huenda mbele, ikigeuza seli hurudi nyuma, na shungi halisambai.

Sukari ambazo modeli hazionyeshi vizuri

Arkelini nyingi huvikwa minyororo ya sukari, na hapa modeli zote tano zina upungufu unaofanana. Sukari hutikisika, na kinachotikisika hupotea kwenye wastani. Mara nyingi unaona sukari za mwanzo, zilizo karibu na protini, na mnyororo uliobaki unatoweka. Ukiipaka rangi ngozi ya uzi kwenye ChimeraX usisahau kwamba uzi wenyewe hai ni mnene kuliko huo.

Je, sukari hizo ni za lazima kwa kuogelea? Inategemea unayemuuliza. M. maripaludis akipunguziwa mnyororo wake wa sukari kupita kiasi fulani hatengenezi uzi kabisa. Sulfolobus acidocaldarius, wa ukoo wa karibu na S. islandicus, alibadilishwa arkelini yake ili isivishwe sukari, na uzi ukajengwa, seli ikaogelea. Lakini mfumo mzima wa kuvisha protini sukari ukiharibiwa katika seli hiyohiyo, kuogelea hukoma, kwa hiyo kuna protini nyingine ya mfumo wa kuogelea inayoihitaji. Mradi unaohusu sukari uanzie kwa viumbe hao wawili, na modeli ya M. hungatei, yenye sehemu saba zilizoonyeshwa wazi, iwe kielelezo cha mahali sukari zinapokaa.

Uchukue ipi, basi

Kwa somo la kwanza, la shule au mwaka wa kwanza chuoni, M. hungatei anatosha: protini moja, picha kali, hakuna la kutatanisha. Mwalimu aseme tu kwamba uzi umenyooshwa.

Kwa mchoro wa kitabu unaoonyesha seli ikiogelea, S. islandicus, na hapa sina masharti. Michoro mingi inayochora arkelamu kuwa fimbo imetokana na modeli zilizonyooshwa, na mwanafunzi anayeiona anabaki na swali ambalo mchoro ulipaswa kulijibu.

Kwa hesabu za mwendo wa molekuli mambo ni magumu zaidi. Ukitaka kujua kwa nini uzi hauyeyuki kwenye joto la digrii 80 au zaidi, M. villosus ana ukali wa kutosha na vijenzi vyake viko kamili. Kagua kwanza kama mahali pa metali pamo kwenye protini unayoitumia. Ukitaka kujua jinsi unavyopinda na kukunjuka, S. islandicus tena, ukikubali kwamba mfumo wako utakuwa mkubwa, kwa kuwa kipande kifupi hakitaonyesha msokoto mkuu.

Kwa maswali ya mota, P. furiosus pamoja na vipande vilivyopatikana kwa fuwele kutoka Sulfolobus acidocaldarius, hasa ArlI, kimeng'enya kinachovunja ATP, ambacho muundo wake wa vijenzi sita ulitangazwa mwaka 2013.

Na kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayetaka kufanya kazi na arkea wa maziwa yetu ya magadi, hali ni tofauti kidogo. Natrialba magadii, aliyetolewa Ziwa Magadi nchini Kenya, huishi kwenye chumvi nyingi na alkali kali, na ana jeni nne za arkelini. Kati ya arkea hawa watano M. hungatei ndiye aliye karibu naye zaidi kiukoo, kwa hiyo kichwa na mkia wa protini vinaweza kuigwa kutoka kwake. Ila protini za viumbe wa chumvi hujaza asidi amino zenye chaji hasi kwenye uso wao, na uso huo hauwezi kukopwa kutoka kwa kiumbe wa majitaka. Jeni nne pia ni onyo: baada ya M. villosus, hakuna sababu ya kuanza na dhana ya kijenzi kimoja. Programu za kutabiri miundo kama AlphaFold zitakupa kila arkelini peke yake kwa dakika chache. Kazi iliyobaki ni kuzipanga, na kwa hiyo utahitaji picha za hadubini ya uzi wenyewe.

Kabla ya kupakua modeli yoyote, soma ukurasa wake wa PDB mpaka kwenye mistari ya ulinganifu. Ukikuta pembe moja ya mzunguko na kimo kimoja cha kupanda, jua kwamba vijenzi vyote vilirundikwa pamoja na uzi ukanyooshwa, kisha ujiulize kama swali lako linavumilia hilo.